Ukuta wa Chumba cha Jannat

Maiti ya Musab ililala chali kwenye sakafu ya mawe nyuma ya nyumba, ngazi ya mbao ikiwa imeanguka ubavuni pake. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Nywele zake nyeusi zilikuwa zimejaa vumbi jeupe.

Inspekta Khaemba, mpelelezi wa kituo cha Gilgil, alichuchumaa akatazama mawe. Damu ilikuwa kidogo mno kwa kichwa kilichovunjika namna ile.

"Nani alimwona wa kwanza?"

"Mimi, afande." Kuluthum alikuwa amesimama mlangoni, leso imemteleza begani, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. "Ni mdogo wangu. Alipanda kusafisha mfereji wa paa. Nilikuwa ndani napiga msasa, nikasikia kishindo."

"Na hili vumbi kichwani?"

"Si anafanya kazi Kariandusi, kwenye machimbo? Wote hurudi nyumbani hivyo, kama vizuka."

Ilikuwa kweli. Gilgil nzima ilijua wachimbaji wa Kariandusi kwa weupe wao. Sajini Wangechi aliandika maneno hayo, kisha akamfuata bosi wake ndani.

Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Kuta zake zilikuwa za bodi za jipsam, unga mweupe uliogandishwa kati ya karatasi mbili, nyingine zimevimba na kuota ukungu kwa sababu ya paa lililovuja. Kuluthum alikuwa amekata palipooza, akatia vipande vipya na kuziba maungio. Sehemu moja karibu na dirisha, upana wake kama sinia, bado ilikuwa mbichi.

"Unakarabati mwenyewe?"

"Nimejifunza kwa simu. Ni chumba cha binti yangu, Jannat. Figo zake zimekufa. Jumatano tulikuwa tumwekee figo mpya, na daktari alisema akirudi asilale penye ukungu wala vumbi."

"Figo ya nani?"

Kuluthum aligeukia dirisha. Akaonyesha uani kwa kidole.

Kama ni ajali, Khaemba aliwaza, basi siku ile Mungu alikuwa amempiga mwanamke huyu mara mbili kwa fimbo moja.

Nje, mjomba wao, Mzee Ishak, alikuwa amefika na wazee wawili wa msikiti.

"Afande, maiti hailazwi. Tupe kijana wetu tumzike kabla ya magharibi."

"Siwezi, mzee. Lazima daktari amwone."

"Daktari aone nini? Mtu ameanguka!" Mzee alimshika mkono. "Nakuomba kama mwanangu. Usimwache akapasuliwa."

Khaemba aliutoa mkono wake polepole. Maiti ikapakiwa kwenye gari la polisi huku mzee akilisindikiza kwa miguu hadi barabarani, akisoma dua.

Kesho yake asubuhi, Daktari Kimaiyo, mchunguzi wa maiti, alimwita Khaemba kwenye hadubini.

"Tazama hapa. Hili ni vumbi la Kariandusi nililolitoa kwenye viatu vyake. Ni maganda ya viumbe wadogo wa ziwa la kale. Unaona vitundu, kama chujio? Sasa tazama hili la ndani ya jeraha."

Khaemba alitazama. Hakukuwa na vitundu, ila chembe zilizometa na nyuzi za karatasi.

"Jipsam," alisema daktari. "Na karatasi ya bodi. Kichwa hiki hakikugonga mawe. Kiligonga ukuta, halafu kikafika kwenye kitu kigumu chenye ukingo."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Ubongo umevimba. Alibaki hai nusu saa, pengine zaidi."

Khaemba alitoka nje kabla ya kupiga simu hospitali ya Nakuru. Daktari Wangare wa kitengo cha figo alipokea.

"Kuluthum? Ndiyo, namfahamu. Yeye ana kisukari, hawezi kutoa figo. Mdogo wake ndiye aliyefaa. Lakini jana Kuluthum alinipigia akauliza swali la ajabu."

"Swali gani?"

"Mtu akifa, figo yake inakaa muda gani kabla ya kuharibika."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sisi hapa hatuchukui figo kutoka kwa maiti. Alete mtu aliye hai. Akakata simu."

Khaemba alimwita Wangechi, wakapanda gari.

Walipofika kwa Kuluthum walimkuta chumbani, rola mkononi. Kuta zilikuwa zimegeuka samawati. Mzee Ishak alikuwa amekaa sebuleni na waombolezaji wachache. Alisimama, akawafuata bila kualikwa.

"Msiba bado mbichi, Mama Jannat, na wewe unapaka rangi?" Khaemba aliuliza.

"Nikikaa chini nitapata wazimu."

"Musab alikuwa amevaa nini alipopanda ngazi?"

"Nguo zake za kazi."

"Alikufa na shati la kutokea na viatu vya kazini. Ulimwona akipanda?"

"Nilisikia tu."

"Ulipiga simu hospitali saa ngapi?"

Rola ilisimama ukutani. Tone la rangi likateremka.

"Sikumbuki kupiga."

Khaemba aliwasha tochi, akaishika karibu na ukuta ili mwanga uuambae. Kuta zote zikang'aa sawasawa, isipokuwa karibu na dirisha. Pale rangi ilikuwa imefyonzwa ikafifia, na ufa mwembamba umezunguka umbo la sinia. Sehemu nyingine zilisubiriwa zikauke na kupakwa rangi ya msingi kwanza. Hii ilikuwa imefunikwa kwa pupa.

"Sajini, kisu."

"Usikate!" Kuluthum alijitupa mbele, akautandazia ukuta mikono miwili. Rangi mbichi ikamlowesha gauni. "Nakusihi, afande. Chumba kimekwisha. Usinifumulie chumba cha mtoto!"

"Sogea, mama."

"Wallahi hakuna kitu humo!"

Wangechi alimshika mabega akamvuta kwa upole. Khaemba alikata kufuata ufa. Kiraka kikatoka kizima. Nyuma yake, fremu ya chuma iliyoshikilia bodi ilikuwa na doa jeusi la damu iliyokauka. Chini, katika uwazi wa ukuta, kilikuwa kimetupwa kipande cha bodi ya zamani kilichovunjika. Nywele zilikuwa zimenata kwenye karatasi yake.

Mzee Ishak aliegemea kizingiti. "La haula... Kuluthum. Mwanangu."

Kuluthum aliteleza hadi sakafuni.

"Alikuja kuniambia haendi," alisema. "Alivaa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposa. Akaniambia, dada, naogopa kisu. Naota usiku nimelala sijafunikwa na tumbo li wazi. Nisamehe, siwezi."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpigia magoti. Nikambusu viatu, afande, hivyo hivyo vyenye vumbi. Akalia. Akasema tena hawezi. Nikaamka nikamsukuma. Kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zangu zote. Ukuta ukapasuka."

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka akubali."

Swali lililofuata Khaemba alitamani mtu mwingine aliulize.

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua." Alisema taratibu, macho yake kwenye tundu la ukuta. "Alikoroma. Nikajua hatapona. Ndipo shetani akaniambia, kama anakufa, asife bure. Nikatoka kupiga simu. Daktari akasema wanataka mtu aliye hai. Nikakimbia kurudi. Nikamtikisa. Nikamwambia, Musab, amka, amka mdogo wangu, wanataka mtu hai..."

Wangechi aliacha kuandika.

"Ungeita majirani," Khaemba alisema.

"Najua."

"Angeweza kupona."

"Najua, afande! Unadhani sijui? Nilimburuta nje, nikaangusha ngazi, nikaziba ukuta. Nilijiambia labda atapatikana mtu mwingine wa kumpa Jannat figo. Na huyo akipatikana, chumba kiwe tayari."

Khaemba alimsomea haki zake. Sauti yake ilitoka nzito, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisomewa. Pingu zilipofungwa, mikono ya Kuluthum iliacha alama za samawati kwenye chuma.

Mlangoni Kuluthum alisimama, akamgeukia Mzee Ishak. Mzee alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, hamtazami.

"Mjomba. Unichukie, lakini nisikilize. Jannat yuko kwa jirani. Alhamisi mpeleke Nakuru akasafishwe damu, mtoke mapema. Asile ndizi, asile viazi. Maji ni glasi mbili tu kwa siku; yakizidi, hayana pa kutokea."

Mzee alizidi kuikandamiza kofia usoni.

"Atalia, mjomba. Atakuambia kiu inamuua. Atakuomba kwa jina la Mungu." Wangechi alikuwa akimvuta sasa, naye akiongea huku amegeuza shingo. "Usimwongezee. Hata akikupigia magoti, usimwongezee."