Wakili Aliyebaki Majini

"Hiyo weka chini, waitu, ndugu yangu. Imeshakufa."

Privatus Mutembei aligeuka, chupi nyekundu ya kuogelea ikining'inia kidoleni. Jumamosi ile soko la mitumba la Bukoba lilikuwa limefurika. Belo la nguo za michezo lilikuwa limefunguliwa asubuhi, na watu walikuwa wakipigana vikumbo kugombania jezi na raba. Yeye alijibanza pembeni ya meza, akichagua harakaharaka kama anayenunua kitu cha magendo. Alikuwa wakili wa miaka thelathini na minne, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na hakutaka mteja wake hata mmoja amkute pale.

Aliyesema alikuwa mwenye meza, Rahima Jamali, mwanamke mrefu mwenye dera la kijani na mtandio mweusi, futi ya fundi imemzunguka shingoni.

"Imekufaje? Mbona bado mpya?"

"Lete." Rahima aliivuta kwa mikono miwili, akaiinua juani. "Unaona mwanga unavyopita hapa nyuma? Dawa ya bwawa imekula kitambaa. Na hizi nywele nyeupe kwenye mapaja ni mpira uliokatika. Ukienda na kurudi mara nne tu, unatoka majini kama ulivyozaliwa."

Wanawake wawili waliokuwa karibu waliangua kicheko. Privatus alihisi masikio yakimwaka.

"Unaogelea kucheza au mazoezi?" Rahima aliuliza, bila kucheka.

"Mazoezi. Niliteleza kwenye ngazi, mgongo ukaumia. Daktari ameniambia niogelee mara tatu kwa wiki. Nina bukta, lakini inajaa maji, inanivuta nyuma kama nimefungwa ndoo."

"Basi unataka ya kubana, ya poliesta. Hizi zinazong'aa ni laini, ila haziiwezi dawa. Iwe na bitana mbele na kamba ya kiunoni, mpira peke yake utakusaliti. Halafu ikubane ukiwa mkavu, maana ikikutosha ukiwa mkavu, majini itakupwaya." Alimtazama kiunoni mara moja. "Thelathini na mbili."

"Thelathini na nne."

"Unajitetea tu."

"Kutetea ndiyo kazi yangu."

"Ahaa! Kumbe ni wakili." Sasa alicheka, na Privatus akasahau kwamba alikuwa amejificha.

Alimchagulia tatu: nyeusi, bluu, na nyingine rangi ya damu ya mzee.

"Tatu za nini, nami nina kiuno kimoja?"

"Moja ikifanya kazi, mbili zipumzike. Kitambaa kikishavutwa kinataka siku mbili kurudi mahali pake. Ukiing'ang'ania moja, msimu wa senene hautaikuta. Jumanne vaa nyeusi, Alhamisi bluu, Jumapili damu ya mzee. Ukitoka bwawani suuza palepale kwa maji baridi. Usikamue, na usianike juani."

"Nikisahau utaratibu?"

"Utauliza."

"Kwa namba gani?"

Rahima alimwangalia kwa muda, kisha akaitaja namba yake polepole, akihakikisha anaiandika sawasawa.

Ndivyo yalivyoanza. Kila siku ya kuogelea, saa kumi na mbili jioni, simu ya Privatus iliita.

"Leo ipi, wakili?"

"Nyeusi."

"Privatus! Leo si Alhamisi?"

"Bluu bado mbichi, mpenzi. Mvua haijakatika wiki nzima."

"Ungeilaza juu ya taulo, ukaviringisha, ukaikanyaga. Nani atakufundisha haya nikifa?"

"Basi usife."

"Sifi. Nimeahidiwa kupelekwa Kamachumu kwa mama yako."

Hapo Privatus alikuwa akianzisha habari nyingine.

Kwao Rahima ni Miembeni, palepale Bukoba. Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemfundisha kukijua kitambaa kwa ncha za vidole. Privatus alipokelewa katika nyumba ile, akala wali wa mama yake, Bi Ashura, akaitwa mwanangu. Lakini miezi minane ilipita na Rahima hakuwa ameiona Kamachumu, wala rafiki hata mmoja wa Privatus.

"Mama ni mtu wa kanisa sana," alikuwa akisema. "Nipe muda, kipenzi."

Rahima alimpa. Alikuwa anampenda kwa namna ambayo hata yeye ilimtisha.

Jumapili moja ya Agosti, Rahima alimaliza kuitengeneza ile ya damu ya mzee. Kamba yake ilikuwa imechakaa, naye alikuwa ameichukua wiki nzima kuitilia mpya. Hakuwahi kwenda hotelini Privatus anakoogelea, aliona haya. Siku hiyo alijipa moyo. Alivaa gauni refu la maua ya njano, akajitanda mtandio mweupe, akajipaka wanja, akaiweka nguo ile ndani ya mfuko mdogo wa karatasi. Alitaka kumshangaza tu.

Hakujua kwamba siku hiyo bwawa lilikuwa na wageni. Mzee Ishengoma, bosi wa Privatus, alikuwa amebatiza mjukuu, na sherehe ilikuwa palepale chini ya miavuli. Mawakili wenzake walikuwa wamekaa ukingoni, suruali wamezikunja, miguu majini, bia mkononi. Privatus alikuwa ndani ya bwawa na nyeusi yake.

"Mutembei!" Ishengoma alipaza sauti. "Nani kakuvalisha hiki kichupi? Hapa pana mkono wa mwanamke!"

Watu walicheka. Mke wa Ishengoma, Evelyne, alijifunika uso kwa kanga, macho yakichungulia juu yake.

"Mtaje basi tumjue," akadakia mwingine. "Harusi lini?"

Lilikuwa swali jepesi. Jina moja tu lingetosha. Lakini Privatus alimwona kichwani Rahima akiwa nyuma ya meza yake ya mitumba, akawaona na hawa na wake zao, akaingiwa na aibu.

"Mwanamke gani, mzee! Ni muuza mitumba tu kule sokoni. Hata jina simjui."

Kicheko kilipanda tena. Privatus alipogeuka kushika ukingo, alimwona. Rahima alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya kiti cha Evelyne, mfuko mkononi.

Hakulia. Aliuweka mfuko juu ya kiti kilichokuwa wazi.

"Samahani, dada," alimwambia Evelyne kwa upole. "Mpe yule bwana. Ni mteja wangu."

Akaondoka, mgongo umenyooka.

Kutoka ukingoni hadi kwenye taulo zilikuwa hatua kama kumi. Kutoka kwenye taulo hadi getini, labda hamsini. Privatus alizipima zote kwa macho. Alijiona akikimbia mbele ya bosi wake, maji yakimchuruzika, amevaa kile walichokuwa wakikicheka, akimwita mwanamke aliyesema hamjui. Mikono yake ilibaki imeshika ukingo.

Akavuta pumzi, akazama, akaenda raundi nyingine.

Jioni ile simu haikuita. Alipiga yeye; haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka sauti ya mtambo ikawa inamjibu kwamba namba haipatikani. Aliandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akautuma, akangoja. Jumatano alikwenda sokoni, akakuta binti asiyemfahamu kwenye ile meza.

Kwenda Miembeni hakuweza. Angemtazamaje Bi Ashura usoni?

Na huko Miembeni, Rahima alikuwa akingoja. Alikuwa ameifungia namba ya Privatus, kwa hiyo ule ujumbe haukumfikia. Alijiambia kwamba simu ni rahisi mno kwa kosa kama lile; akija kwa miguu yake mpaka mlangoni, atamfungulia. Jumapili tatu mfululizo alioga mapema, akavaa, akakaa sebuleni akijifanya anashona pindo za mashati. Kila hatua zilipopita barabarani, sindano ilisimama. Jumapili ya nne alifunga mizigo yake, akahamia Muleba mjini kwa shangazi yake, akafungua duka la kushona.

Ilichukua miezi saba Privatus kupata ujasiri. Siku hiyo alipanda Kamachumu, akamkuta mama yake, Ma Kokushubila, jikoni akimenya ndizi.

"Mama, kuna msichana. Niliogopa kukwambia. Ni Mwislamu."

Kisu kilisimama. Mama akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitupa sufuriani.

"Baba yako alikuwa Mlutheri, mimi Mkatoliki," alisema hatimaye. "Babu yako hakunisemesha mwaka mzima. Mlete nimwone leo hii."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika. Halafu nitazoea. Kwani nani alikwambia nimekataa?"

Hakuna aliyemwambia. Privatus alisimama pale jikoni, miezi yote ile ikimwangukia kichwani kwa mkupuo. Kisha akaingia garini, akashuka Muleba, ambako yule binti wa sokoni alikuwa amemwambia Rahima amefungua duka.

Duka aliliona mapema, sare za shule zikining'inia mlangoni. Rahima alikuwa ndani, gauni la zambarau, mkasi mkononi. Alipomwona, aliuweka mkasi chini taratibu.

"Karibu, wakili."

"Rahima, nilijua jina lako."

"Najua kwamba ulilijua. Ndiyo sababu iliuma."

"Nilikukana kwa sababu ya watu ambao hata hawakumbuki. Nimekuja kuomba radhi. Na Mama amesema nikulete. Leo."

Rahima aliketi.

"Posa imeshaletwa, Privatus. Haidari, mwenye duka la dawa hapo ng'ambo. Ndoa ni mwezi ujao."

"Unampenda?"

"Nimeanza. Wiki ya kwanza tu alinisimamisha mbele ya wateja wake wote, akasema huyu ndiye yule ninayewasimulia." Alifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Wewe nilikupenda sana. Ungekuja Jumapili ile ya kwanza, ningekutukana, ningelia, halafu ningekupikia."

"Nilikutumia ujumbe."

"Nilikuwa nimekufungia. Hilo kosa langu, nami nalijutia. Lakini Miembeni palikuwepo, na njia unaijua."

Walitazamana kama watu wanaojaribu kuhifadhi kitu. Kisha mteja akaingia na kitambaa chake, na Rahima akasimama.

"Nenda salama, mpenzi," alisema kwa sauti ya chini, na neno lile lilimtoka kabla hajalizuia.

Privatus alirudi Kamachumu jua likiwa bado juu. Mama yake alikuwa amesimama uwanjani, amevaa gomesi lake la kanisani, hereni masikioni. Nyuma yake, sebuleni, mkeka mpya ulikuwa umetandikwa na chakula kimefunikwa kwa majani ya mgomba.

Ma Kokushubila alichungulia ndani ya gari, kiti cha mbele, kisha cha nyuma.

"Yuko wapi?"

"Nimechelewa, Mama."

Mama alimshika mkono kama alivyokuwa akimshika utotoni, akamwingiza ndani, akakaa naye kwenye ule mkeka mpya, akamfunulia chakula.