Kiti cha Waziri wa Tisa

Mwenye Hiace iliyoegeshwa mkabala na wizara alitoka mbio.

Sindano, mlinzi wa waziri, alimfuata ngazi hadi ngazi ndani ya jengo la maegesho, bastola aina ya Glock mkononi. Mwanamke huyu hakuitwa Sindano kwa wembamba. Alichoma.

Juu kabisa njia iliisha. Sindano alimpiga ngwala, akamkalia mgongoni, akamvua visikizi na kujivika mwenyewe.

Sauti ya Waziri wa Uchumi ilimjia sikioni, safi kabisa.

"Mpaka tunaufunga leo saa tisa. Sukari ya magendo sasa basi."

Kisha: kwii.

Hasira ilimpanda. Siri za ofisi ile zilikuwa zimevuja mara mbili, na waziri akamnyooshea kidole katibu muhtasi wake. Tangu asubuhi mama wa watu alikuwa amefungiwa chumba cha chini, akingoja mashtaka ya uhaini.

Katibu huyo alikuwa mama mdogo wake Sindano.

Na siri bado zilikuwa zinavuja.

Simu ya mateka ikalia. Sindano akamgusa shingo kwa bastola.

"Mwambie mpaka unafungwa Ijumaa."

"Wanafunga lini?" sauti ilikoroma simuni.

"Ijumaa, bosi. Leo leteni malori, njia nyeupe."

Alimfunga pingu kwenye bomba, akavuka barabara kwenda wizarani.

Ofisi ile ilianza na chumba kimoja na kazi ya kupanga bei ya chumvi. Sasa ilishika bei zote, mipaka, na tumbo la nchi nzima. Mawaziri wanane waliopita walining'inia ukutani, wamenuna. Kila aliyeingia alikitupa stoo kiti cha mwenzake akadai kipya, eti kiti cha aliyefukuzwa kina nuksi. Wasomi wazima hao.

Kwii ile ile, nyuma ya mlango wa waziri. Sindano akaacha kutembea. Halafu akausukuma mlango.

"Simama," alisema.

Waziri hakuinuka. "Unajua unaongea na nani?"

"Na aliyemfungia mama yangu mdogo. Simama."

"Kazi huna kuanzia leo. Wewe ni wa kunilinda mimi."

"Nalinda ofisi. Wewe unapita tu."

Waziri alisimama. Kiti kikalia: kwii.

Sindano alikipindua, akapasua ngozi kwa kisu. Kinasa sauti kilidondoka, kidogo kama punje ya mahindi.

"Nani alikupa kiti hiki?"

"Zawadi. Rafiki mmoja, mfanyabiashara kutoka nje."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Redio ilikwaruza kiunoni. "Sindano, hapa mpakani. Malori yaliyokuwa yakingoja ng'ambo yamejileta yenyewe. Bosi wao yumo kwenye la mbele."

"Nimekupata." Akamgeukia waziri. "Piga simu chini. Afunguliwe."

Mama mdogo aliingia, miwani imekaa upande, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Waziri alimnyooshea mkono. "Mama, kazi hizi unazijua. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mama aliutazama mkono ule. Hakuupokea.

"Hayo yajayo, mheshimiwa, utayaganga peke yako."

Alichukua mkoba wake mezani. Sindano akamshika kiwiko, wakaelekea mlangoni taratibu.

"Sasa mimi nikae wapi?" waziri aliuliza.

Sindano hakugeuka.

"Stoo viko vinane. Chagua."