Mrithi wa Skrini ya Tatu

Naanza kwa jina la Mola ahesabuye pumzi za viumbe, Asiyefichwa na ukuta wala na kifua cha mja; na rehema zimfikie Mtume wake, aliyetuonya tusimhukumu mtu kwa dhana.

Ijumaa, tarehe 7 Machi 1986, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mlango wa chumba cha kanda za kompyuta ulifunguliwa katika kituo cha vipimo vya mto, pale Rubwera, na Athanasi akakutwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umeelekea mlangoni, wa pili umefumbata karatasi iliyochapwa na mashine. Hakuwa na jeraha. Chumba kilikuwa kimejaa hewa ya kuzimia moto, ile iuayo moto kwa kuunyima pumzi. Na mwanadamu nayo haimbagui.

Waliokuwapo asubuhi ile, tuwapange kwa vyeo vyao. Wa kwanza ni Egbert Rwezaura, mtu wa Muleba, mkuu wa waendeshaji wa ile kompyuta kubwa. Wa pili ni Speciose, mpokeaji wa vipimo. Wa tatu ni marehemu, mtunza kanda. Wa nne ni Placida, mpishi. Wa mwisho ni Hategekimana, mlinzi, ambaye baba yake alivuka mpaka kutoka Rwanda akalima Kibingo. Huyo wa mwisho ndiye aliyetiwa pingu kabla ya adhuhuri, kwani komeo la chumba liko nje na ni yeye aliyelisukuma. Tena majuma mawili nyuma aligombana na marehemu mbele za watu kwa mbuzi aliyekula migomba. Jumatatu gari lingempeleka Bukoba kwa shtaka la kuua, na kitanzi si mbali na shtaka hilo.

Jumamosi saa tatu asubuhi, Inspekta Joviana aliwasili. Alikuta chumba kimetiwa lakiri na askari, na Rwezaura amesimama nje yake akiomba kwa mara ya pili kifunguliwe, maana kanda zinaharibika kwa joto. Joviana akamwambia zisubiri.

Alianzia mahabusu. Hategekimana aliinuka akamwamkia kwa shikamoo, ingawa kwa umri angeweza kumzaa.

"Kwa nini ulifunga, mzee wangu?"

"Nilichungulia dirishani, afande, nikaona skrini yake imezimwa. Ikizimwa, ametoka kunywa chai. Ndivyo tunavyofanya kila siku saa nne. Ndani mitambo inavuma, ungepiga kelele hata mimi nisisikie."

"Hukumwona?"

"Rafu ni ndefu. Sikumtafuta mtu niliyejua hayupo."

Joviana akaenda jikoni kujua chai na skrini vina undugu gani. Placida alimweleza kwamba jenereta lao limechoka, haliwezi kubeba birika la umeme na skrini ya chumba cha kanda kwa pamoja. Basi saa nne kamili Athanasi huzima skrini yake, ndipo watu wapate chai. "Chai haichemki kwa maombi, afande," alisema. Na jana? Jana alizima kama kawaida, lakini hakuja. Ni Ijumaa ya Kwaresima, naye alikuwa amefunga. Alizima kwa ajili ya wenzake, akabaki ndani na karatasi zake. Rwezaura alipochukua kikombe aliuliza kile kilichobaki ni cha nani, Placida akamjibu hivyo hivyo, naye akarudi ofisini na chai yake.

Kisha Joviana akaketi na Speciose, akamwomba amfundishe mashine kama afundishwavyo mtoto alifu. Speciose akasema mashine haipayuki ovyo. Kila ujumbe umebeba alama ya jambo lake, kama barua ilivyobeba anwani. Habari za mashine yenyewe huenda skrini ya kwanza, kwa Rwezaura; za mto huenda ya pili, kwake; za kanda na za hatari ya moto huenda ya tatu, kwa Athanasi, kwani yeye ndiye akaaye chini ya mabomba ya hewa. Ujumbe unaotaka jibu haufutiki mpaka ujibiwe. Na mabati yale yakipigwa na jua la saa nne, mashine hudhani ni moto, huuliza kama ifungue hewa. Kila juma mtu hujibu hapana, mambo yakaisha. King'ora kimekufa tangu Desemba.

"Na skrini ikiwa imezimwa?"

"Ujumbe wake hurithiwa. Skrini ya pili na ya tatu zina mrithi mmoja."

Speciose akamtaja mrithi huyo, Joviana akaandika. Akauliza kama yapo maandishi. Yapo, akasema Speciose: mashine ya kuchapa huandika kila ujumbe na kila jibu, pamoja na dakika na skrini. Lakini karatasi ya Ijumaa tangu saa tatu haipo. Mzee Rwezaura alisema ilikwama, akaichana akaichoma. Hata hivyo maneno yale yale huandikwa pia katika kanda, na kanda ile imo ndani ya chumba chenye lakiri.

Saa tisa alasiri Joviana alikata lakiri mbele ya askari wawili. Speciose akaisoma kanda ile, akaichapisha upya kwenye karatasi. Saa kumi Rwezaura akaitwa, akaja amevaa koti, amejaa utulivu.

"Mwanangu, msitafute mchawi," alisema. "Onyo la moto huenda skrini ya tatu. Marehemu amejibu vibaya mwenyewe. Huyo Mnyarwanda akamfungia. Misiba miwili imekutana."

"Skrini ya tatu ilikuwa imezimwa, mzee. Birika lilikuwa likichemka."

Joviana akamsogezea karatasi mpya, akasoma pasipo kuinua sauti: saa nne na dakika kumi na mbili, mashine inauliza kama ifungue hewa, skrini ya tatu imezimwa, ujumbe umepelekwa skrini ya kwanza. Saa nne na dakika kumi na nne, jibu kutoka skrini ya kwanza: ndiyo.

"Nilidhani chumba ni kitupu."

"Ulimwuliza Placida kikombe ni cha nani. Alikwambia yumo ndani."

Kisha akamwekea mezani ile karatasi iliyotoka katika kiganja cha maiti. Ilikuwa ya Jumapili, 17 Novemba. Siku ile mto ulipanda ukawazoa wakulima wanne bondeni, na Rwezaura aliapa mbele ya kamati ya uchunguzi kwamba mashine haikusema neno. Kumbe ilisema. Speciose alikuwa mapumzikoni, skrini yake imezimwa. Onyo likaenda kwa mrithi, likakaa pale likingoja jibu tangu saa nane hadi saa kumi na moja.

"Ulikuwa wapi?"

"Harusini kwa mpwa wangu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Athanasi alinipa mpaka Jumatatu niende mwenyewe kwa kamati. Nilimwomba. Akasema wale wanne hawakupewa hata siku moja." Akatazama mikono yake. "Swali lilipotokea mbele yangu, sikulitafuta. Nilikuwa nimeshika chai. Neno moja tu, nikaliandika kwa kidole kimoja."

Wakamchukua jua likiwa bado juu.

Hategekimana alifunguliwa pingu saa kumi na mbili. Joviana alimweleza yote, akamwambia hana hatia, aende nyumbani. Mzee yule hakuinuka.

"Komeo nililisukuma mimi, afande."

"Ulisukuma ukijua hayupo."

"Nilijua bila kutazama," akasema. Na baada ya hapo akaomba aonyeshwe njia ya kwenda msibani kwa mke wa Athanasi, akapige magoti huko kabla ya kwenda kwake.

Ewe Mola, warehemu waliozama na aliyenyimwa pumzi. Mpe mjane subira, watoto wake mlezi, na watu wa bonde mvua isiyo na ghadhabu. Na kila aliyewekwa kungoja onyo kwa ajili ya wengine, mwamshe, umjaalie jibu lililo jema. Amina.