Sufuria Iliyong'aa Ndani

Kila asubuhi, kabla nyati wa maziwa hawajakamuliwa, Daksha alikuwa keshachuchumaa mbele ya jiko. Aliyazoa majivu ya jana, akayachekecha kwa kitambaa chakavu mpaka yakawa laini kama unga, kisha akayatia kwenye kopo. Hiyo ndiyo ilikuwa sabuni ya vyombo nyumbani kwao. Aliyachota kwa kumbi la nazi lenye maji, akasugua sahani na bakuli, akazisuuza na kuzipanga juani uani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliifanya tangu alipoweza kubeba ndoo.

Hakuna aliyemsifu. Wala yeye hakuwahi kutaka sifa, mpaka Urmi alipokuja.

Urmi alikuwa binti wa shangazi yake, amemzidi mwaka mmoja. Shangazi alikuwa amelazwa hospitali mjini Rajkot, ndipo Urmi akaletwa kijijini akae kwa Bibi Monghi, bibi yao wote wawili, hadi mama yake apone. Siku ya pili tu alianza kuchakura jikoni. Maganda ya ndimu yaliyokamuliwa aliyachovya kwenye chumvi, akasugulia mtungi wa shaba nyekundu mpaka ukawaka kama jua la machweo. Alichemsha majani ya mwarobaini, akapangusia maji yake kwenye pembe za kabati, na mende wakahama. Matambara ya jikoni, yale ambayo Daksha aliyaacha yamejikunja karibu na mtungi, Urmi aliyafua kila jioni na kuyaanika yakakauka vizuri. Alisema tambara bichi ndilo linaloeneza uchafu kutoka chombo kimoja hadi kingine.

"Mwone mjukuu wangu!" Bibi Monghi alimwambia jirani yao, Bi Hansa. "Hajanidai hata senti moja ya sabuni."

"Jikoni kwenu kumechomoza jua," Bi Hansa akajibu, akicheka. "Nikopesheni huyu binti hata kwa wiki moja."

Daksha alikuwa amekaa palepale, kopo la majivu mkononi. Mwarobaini ule ulikuwa uani kwao tangu azaliwe, na majani yake alikuwa akiyafagia yeye. Kwa nini leo yamekuwa ya Urmi? Usiku ule Bibi alipotoa mkate wa kwanza wa uwele, ule unaopakwa samli nyingi, alimpa Urmi. Daksha alipokea wa pili. Aliumega kipande kimoja, kisha akakirudisha sahanini.

"Mbona huli?" Urmi akamwuliza.

"Kula wako," Daksha akasema. "Wewe ndiye mwenye nyumba siku hizi."

Urmi akainamisha uso. Alikata kipande cha mkate wake chenye samli, akakiweka kimyakimya kwenye sahani ya Daksha. Daksha akakisukuma pembeni.

Ikafika siku ya Ramila, wifi yake Daksha. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na wanawake wa mtaa wangekuja kumtilia mchele na nazi mapajani na kumwimbia, wakimwombea uzazi mwema. Baada ya hapo wangekula mseto wa mchele na choroko kwa mchuzi wa mtindi. Kwa shughuli kama hiyo sufuria za kila siku hazikutosha, kwa hiyo Bibi Monghi aliteremsha darini sufuria kubwa ya shaba ya njano, aliyokuja nayo alipoolewa.

"Urmi, wewe utapika mchuzi, mkono wako mwepesi," alisema. "Daksha, nioshee hii sufuria. Iwe safi tu, usijichoshe."

Iwe safi tu! Maneno yale yalimchoma Daksha. Aliiburuta sufuria hadi uani. Kwa nje aliisugua kwa ukwaju na majivu, ikang'aa. Alipochungulia ndani, akaona rangi nyeupe iliyofifia kama ukungu. Akakwaruza kwa ukucha. Ule weupe ukatoka kidogo, na chini yake pakatokeza njano.

"Uchafu wa miaka," akajisemea. "Hata Urmi mwenyewe asingeuona."

Akasaga kipande cha tofali, akachanganya unga wake na majivu na ukwaju, akaanza kusugua. Mikono ilimuuma, vidole vikachubuka, lakini hakusimama. Kila weupe ulipopungua, akilini alimwona Bibi akimwita Bi Hansa aje kutazama. Mwishowe sufuria nzima ikawaka njano, ndani na nje. Kwa kuwa Bibi alikuwa akimvalisha Ramila, hakupata nafasi ya kuitazama. Urmi ndiye aliyeipokea. Macho yake yaliganda kidogo kwenye ule mng'ao.

"Dada, hii umeifanyaje?"

"Kwani wewe pekee ndiye unayejua kusafisha?" Daksha akamjibu.

Urmi aliibandika jikoni. Akamimina mtindi, akakoroga unga wa dengu, akatia bizari, pilipili na majani ya mchuzi. Ulipochemka, wakaufunika, wakaenda kuwasikiliza wanawake wakiimba. Hakuna aliyeuonja. Nyumbani kwao chakula cha shughuli hakionjwi kabla Mungu hajatengewa chake.

Nyimbo zilikuwa ndefu. Zilipokwisha, Bibi akamtuma Daksha achote bakuli dogo la kutengea. Daksha akafunua kifuniko. Harufu iliyompiga puani ilikuwa kama ya ufunguo uliokaa mdomoni. Akainama. Pembezoni, mahali mchuzi ulipogusa shaba, palikuwa na duara la kijani.

Aliujua ukijani ule. Mwaka uliopita maji ya ndimu yalisahauliwa kwenye mtungi wa shaba, na Bibi akayamwaga yote mtaroni, akisema, "Shaba ikitoa kijani ni sumu, haionjwi hata kwa ncha ya kidole."

Sasa akaelewa. Ule weupe haukuwa uchafu. Ulikuwa bati, lililopakwa ndani makusudi ili vitu vichachu visiguse shaba. Na yeye alikuwa amelisugua lote.

Bi Hansa akaingia kama upepo. "Bado unautazama tu? Watu wana njaa!" Akampokonya upawa, akachota harakaharaka bila kutazama, bakuli la kutengea na bakuli la Ramila, akatoka.

Daksha alibaki amesimama. Ndipo wazo likamjia, taratibu, kama mtu anayenong'ona: aliyepika ni Urmi. Watasema ni Urmi. Bibi hatampa tena mkate wa kwanza. Wazo lile lilikuwa tamu, na Daksha akaliacha likae kidogo moyoni.

Kisha, kupitia mlangoni, akamwona Ramila amekaa kwenye kigoda, mapaja yamejaa mchele, analishika bakuli kwa mikono miwili na kulipeleka mdomoni.

"Wifi, usinywe!"

Ramila akashtuka, bakuli likamwagikia sakafuni. Bi Hansa akakimbilia jikoni, akachungulia sufuria, akaziba pua.

"Looo! Umeharibika! Nani kapika?"

"Urmi," mtu akajibu.

"Nilijua! Watoto wa mjini wanajua kung'arisha mitungi, kupika hawawezi. Karibu amuue mwenye mimba!"

Urmi alikuwa amewafuata jikoni, ameegemea ukuta. Aliitazama sufuria, kisha akamtazama Daksha, na Daksha akaona kwamba ameelewa kila kitu. Lakini hakusema neno. Alikuwa amekubali kuubeba mzigo usio wake.

Daksha hakuweza kuvumilia tena.

"Siyo yeye," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Siyo Urmi! Mimi ndiye niliyesugua bati lote la sufuria. Nilitaka ing'ae kuliko mitungi yake. Nimejua mchuzi umeharibika kabla Bi Hansa hajachota, na nikanyamaza, ili mumlaumu yeye."

Akaanza kulia. Bi Hansa akafungua mdomo, lakini Bibi Monghi akainua mkono. "Hansa, mtoto aliyesema ukweli mbele ya watu wote hahitaji kuongezewa kelele. Nisaidie kumwaga mchuzi huu, shimoni, nyati wasije wakaulamba."

Urmi alikuwa ameshavuta sufuria mbili za chuma cha pua. "Mtindi upo wa kutosha," akasema. "Dada, niletee dengu. Tukiwa wawili, mseto hautapoa."

Wakapika pamoja. Daksha alikoroga, machozi yakiwa bado mashavuni. "Kwa nini hukusema?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe uko kwenu," Urmi akajibu. "Mimi nimekuja kukaa. Kila asubuhi nikiamka najiuliza, wasiponihitaji jikoni watanirudisha wapi, mama akiwa bado hospitali? Ndiyo maana nasugua. Wewe ndiye ninayekuonea wivu."

Daksha alichukua kijiko kilichokuwa mkononi mwa Urmi, akamwambia, "Kaa kidogo. Nitamalizia mimi."

Wageni walikula wakashiba, na Ramila akaomba mchuzi mara ya pili. Walipoondoka, Bibi Monghi, aliyekuwa ameyasikia mazungumzo yao ya jikoni, aliwaita wajukuu wake wote wawili wakae karibu naye, akavipaka samli vidole vya Daksha vilivyochubuka.

"Urmi, kwenu ni hapa, jiko liwe safi au chafu," alisema. "Na nisisikie tena unajiita mgeni! Daksha, miaka yote hii nimekula kwenye sahani zako safi, hakuna aliyeumwa tumbo katika nyumba hii, nami sikusema hata ahsante. Kosa hilo ni langu. Usafi hauhitaji fedha. Majivu, ndimu, jua na mwarobaini vinatosha, mtu akiwa na bidii. Lakini kusafisha ni kuondoa uchafu. Ulipoanza kusugua ili umshinde mwenzako, hukuuona tena uchafu, ulikuwa unamwona Urmi tu."

"Nisamehe, Bibi. Sufuria yako nimeiharibu."

"Sufuria?" Bibi akatabasamu, akafuta machozi ya mjukuu wake kwa ncha ya sari. "Fundi akipita, ataipaka bati jingine, na itapika tena. Lakini binadamu ukimwachia lawama isiyo yake, mjukuu wangu, utampaka nini?"