Picha ya Hospitali Ubaoni

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Wino alikuwa ameshafika kwenye ubao wa habari nje ya darasa la sita, pini mkononi na mkasi mfukoni. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa sababu vidole vyake havikukosa madoa ya kalamu hata siku za mapumziko. Alisikiliza taarifa ya habari ya saa kumi na mbili daftari likiwa magotini, akaandika, akafuta, akaandika upya, kisha akaenda kubandika. Mwaka mzima, aliyetaka kujua vita vya ng'ambo vimefikia wapi alikwenda kwa Wino.

Ndipo akahamia shuleni msichana aitwaye Chiriku.

Aliishi na bibi yake, na kila alfajiri aliperuzi simu ya bibi mpaka aitwe chai. Akifika shuleni alikuja na habari motomoto za mitandaoni: daraja limevunjwa, wakimbizi wamejaa barabarani, wanajeshi wamevuka mto. Watoto walimzunguka kama nyuki. Ubao wa Wino ukabaki na nzi wawili.

"Wino, hiyo yako imechacha!" mvulana mmoja alimtania. "Chiriku alishatupa tangu juzi."

Wote wakacheka. Wino naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia menoni. Moyoni kijicho kilikuwa kimeshapiga kambi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Chiriku hakuonekana hata kuufurahia umaarufu wake. Alisimulia huku akitafuna kucha, akimaliza ananyamaza.

"Anajifanya hajali," Wino alijisemea. "Maringo matupu."

Jumatano alipotoka shule alipitia kazini kwa shangazi yake, mhariri wa habari katika redio ya mjini. Chumba cha habari kilikuwa hakishikiki. Simu mbili zililia kwa pamoja, na mwandishi mmoja kijana alisimama mbele ya meza ya shangazi na picha aliyoitoa kwenye mashine ya kuchapishia. Ilionyesha jengo lililoporomoka, na vitanda vya wagonjwa vikichungulia chini ya kifusi.

"Bosi, tunachelewa," alisema. "Wanasema ni hospitali kuu ya kule vitani. Watu elfu arobaini wameshaisambaza, redio nyingine imeshatangaza, na wasikilizaji wanapiga simu kuuliza kwa nini tumekaa kimya. Lisemwalo lipo!"

"Lipo mtandaoni," shangazi alijibu. "Kama lipo na huko hospitalini, bado sijui. Tangu lini mtandao ukatupangia cha kutangaza?"

"Siku hizi ndio unaotupangia, bosi."

"Basi leo utasubiri."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya ile picha: HAIJATHIBITISHWA. Kisha akainua simu na kuanza kutafuta namba ya hospitali.

Wino aliiona kalamu. Aliliona neno. Lakini akilini alimwona pia Chiriku akiwa katikati ya duara la watoto. Mkono wake ukanyooka, picha ikaingia ndani ya daftari. Alipofika nyumbani akapitisha mkasi, krrr, na lile neno jekundu likaanguka sakafuni.

Asubuhi ya Alhamisi ubao ulikuwa na picha moja tu, na maandishi makubwa: HOSPITALI KUU YALIPULIWA. Watoto walisukumana. "Wino leo kawahi! Hata Chiriku hana hii!" Wino akavimba kichwa.

Chiriku, ambaye simu ya bibi yake ilikuwa imeishiwa chaji tangu jana, akapenya katikati yao. Alisoma mara moja, kisha akaugusa ukuta kama mtu aliyepotewa na njia.

"Ilikuwa saa ngapi, Wino?"

"Nini?"

"Hilo bomu. Mama ni muuguzi pale. Siku mbili hapatikani kwenye simu." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Kila asubuhi natafuta kwenye picha nione kama yumo. Hapa simwoni. Wewe umemwona?"

Wino aliigeukia picha yake. Kumbe kile alichokionea wivu usiku na mchana kilikuwa hofu ya mtoto kwa mama yake! Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyejua. Akamtazama Chiriku, ambaye sasa alikuwa amekaa chini sakafuni, kisha akakimbia hadi ofisi ya walimu.

"Mwalimu, nimeiba picha kwa shangazi," alisema akihema. "Iliandikwa kwamba haijathibitishwa. Nikayakata hayo maneno."

Mwalimu hakupoteza muda kumgombeza. Alimpigia shangazi, naye akaja mbio na habari kamili. Picha ilikuwa ya tetemeko la ardhi la miaka mingi iliyopita, tena katika nchi nyingine kabisa. Hospitali ilikuwa imesimama, ila mitambo ya simu za mkononi ilikuwa imezimika mji mzima. Kwa simu ya ofisi ya walimu, Chiriku akiwa pembeni, shangazi alipiga namba ya mezani ya hospitali mara nne. Mara ya tano ikapokelewa, wakamwita mama yake Chiriku.

Chiriku aliishika simu kwa mikono miwili. "Mama? Mama, umekula?" Halafu akalia kwa sauti, na mwalimu akafungua dirisha bila sababu yoyote.

Alipotulia, Wino alimsogelea. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

Chiriku alifuta pua. "Ungeniambia, ningekuachia habari zote. Mimi nilitaka moja tu." Hakutabasamu, lakini hakuondoka.

Saa sita Wino alisimama mbele ya darasa, akasema alichokifanya bila kupunguza neno, kisha akaibandua picha. Shangazi alikuwa nyuma ya darasa, akaomba kusema kidogo.

"Wanangu, mtandao ulisema, redio nyingine ikasema, na Wino akasema. Watatu wote, hakuna hata mmoja aliyeona. Hata sisi watangazaji wakubwa tunasukumwa hivyo hivyo. Kinachosambaa sana tunakiona kikubwa, na mwenzetu akituwahi tunaona gere. Wivu una mbio lakini hauna macho. Kwa hiyo, kabla hujatangaza habari ya vita, jiulize umeipata wapi na nani ameithibitisha. Kisha mfikirie mtu mmoja ambaye mama yake yuko kule, amesimama mbele yako, anasoma ulichoandika."