Mwatima na Kauzi ka Kioo

Mwatima alikuwa na miaka sita. Alidharau kila kitu kidogo.

Kijiko kidogo? "Nyoo!" Kiti kidogo? "Nyoo!" Na midomo anaibetua.

Siku moja shule ilifungwa. Mwatima akaenda kazini na Shangazi Kibibi. Shangazi alikuwa fundi wa ndege.

Ndani ya ndege mlikuwa na maboksi. Ndani ya maboksi, vifaranga mia mbili! Piu, piu, piu! Walikuwa wanakwenda Pemba.

Shangazi akatoa uzi wa kioo. Ulikuwa mwembamba, mwembamba kabisa.

"Uzi huu unapeleka habari," alisema. "Rubani anakanyaga pedali huku mbele. Mwanga unakimbia ndani ya uzi, vyuu! Mkia unapata habari, unageuka."

Mwatima akabetua midomo.
"Nyoo! Kauzi kama unywele! Kanaweza nini?"

"Usiguse ncha yake, mwanangu," alisema Shangazi. "Nafuata kifaa, narudi sasa hivi."

Mwatima alikuwa anakula kachori. Vidole vilimeremeta mafuta.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaifinya ncha ya uzi, finya!
"Nyoo! Kauzi kama unywele! Kanaweza nini?"

Shangazi akarudi. Akauchomeka uzi mahali pake, ka!

Rubani akaja. Aliitwa Kapteni Lusajo, na alikuwa na kitambi kikubwa. Akakanyaga pedali, di!

Mkia kimya.

Akakanyaga tena, di! di!

Mkia kimya, tuli.

"Si nilisema mimi?" alifoka Kapteni. "Ndege ya zamani ilikuwa na waya nene kama mkono wangu. Leo mnaniletea uzi wa kushonea vifungo!"

Mwatima akacheka, akadakia.
"Nyoo! Kauzi kama unywele! Kanaweza nini?"

"Umeona, Kibibi?" alisema Kapteni. "Hata mtoto anajua! Shusheni maboksi. Leo hakuna safari."

Maboksi yakashushwa nje. Jua lilikuwa kali. Ndani ya maboksi kulikuwa na joto.
Piu, piu... piu...
Sauti zilianza kufifia.

Mwatima akaacha kucheka. Akachungulia boksi moja. Kifaranga kimoja kilikuwa kimekaa, mdomo wazi, kinahema.

Akatazama vidole vyake. Vilimeremeta.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza tu.

Akamwendea Shangazi.

"Shangazi," alisema polepole. "Nilikashika kauzi kale. Kwa mkono wa kachori."

Kapteni akakodoa macho. "Wewe! Katoto kama wewe unazuia ndege nzima?"

"Huyu si katoto, Kapteni," alisema Shangazi. "Huyu amesema kweli. Njoo, Mwatima. Nawa mikono, unisaidie."

Mwatima akanawa. Akanawa tena.

Shangazi akachomoa uzi. "Mwanga haupiti vizuri kwenye ncha yenye mafuta," alisema. Akaifuta ncha kwa kitambaa safi. Futa, futa, taratibu.

"Usichungulie ndani ya uzi. Utaumiza macho. Shika karatasi hii hapa, mbele ya ncha."

Mwatima akashika karatasi. Hakutikisika hata kidogo.

Huko mwisho mwingine wa ndege, Shangazi akawasha kurunzi nyekundu.

Pwaa! Kwenye karatasi kikatokea kidoa chekundu. Kidogo kama punje ya mtama.

"Umefika!" alipiga kelele Mwatima. "Shangazi, umefika!"

Uzi ukachomekwa, ka! Kapteni akakanyaga, di!

Zzzip! Mkia ukageuka kushoto.
Di! Zzzip! Ukageuka kulia.

Kapteni akachungulia dirishani, akautazama mkia.

"Na waya yako nene je, Kapteni?" aliuliza Shangazi. "Tuifungie mbuzi?"

Kapteni akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Maboksi yakapakiwa tena. Ndege ikapaa, vuuu!

Adhuhuri simu ikalia. "Vifaranga wote wazima," alisema Kapteni kutoka Pemba. "Wanakunywa maji. Mwambie msaidizi wako."

Lakini msaidizi alikuwa amejikunja juu ya makoti ya mafundi, amelala fofofo.

Shangazi akamvua viatu, akamfunika khanga. Kisha akawaambia mafundi wenzake, "Nyundo wekeni chini. Mwenye kazi amepumzika."