Majina Matatu, Faili Moja

Hildegarda alichapa ln, akaruka nafasi, akachapa tumwagile-mkubwa, akaruka nafasi tena, akachapa tumwagile-mdogo. Kompyuta ikanyamaza. Mtu makini angeshuku palepale, lakini yeye alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Haya, tumjue. Alikuwa karani wa zahanati ya shamba la mkonge, Kimamba, mwaka tisini na nane, shamba lilipokwisha kuuzwa kwa tajiri mgeni aliyetaka wagonjwa wote waingizwe kwenye kompyuta. Fundi Vitalis alitoka Morogoro kuja kumfundisha.

"Dada, amri hii ya ln inaipa faili moja majina mawili," alimwambia. "Ukifuta moja, yaliyomo yapo. Yanapotea ukifuta jina la mwisho. Namba hii ya pembeni inakuonyesha yamebaki majina mangapi."

Mama mkwe wa Hildegarda na binti yake walikuwa wajina, wote Tumwagile. Mama mkwe alifariki na jini lake kichwani, na wazee wakaonya: mpaka mganga alitoe, mtoto aitwe Ida, jini lisije likamfuata kwa jina. Nyumbani Hildegarda alitii. Ofisini alijiona msomi. Ukoo mmoja, nyumba moja, amchapie mtoto faili mpya ya nini? Marehemu hana haja na faili, umri angerekebisha baadaye. Uvivu tu, basi.

Jumatano akakuta ndani ya faili mstari asiouchapa: Anakohoa. Alimshuku Vitalis, ila Vitalis alikwisharudi kwao. Akamshuku tabibu, ambaye hata kuiwasha mashine hajui. Chumba kilinuka mkonge mbichi uliosagwa, na kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu Pasaka.

Mchana akamkuta Ida nyumbani, amekaa kwenye kigoda cha bibi yake, anakohoa kikohozi kizito cha mtu mzima.

"Mkamwana," mtoto alisema taratibu, "funga mlango. Upepo unaniumiza."

Hakuna aliyewahi kumwita mkamwana ila marehemu.

Mganga Hussein aliletwa kwa baiskeli kutoka Munisagara. Alifukiza ubani mpaka mtoto akalala, pumzi laini.

"Limemtoka," alinong'ona. "Lakini haliko mbali. Jina linalolifuata mmeliweka wapi?"

Hildegarda alikimbilia ofisini, akafuta jina la marehemu, na namba iliyopaswa kusoma moja ikasoma mbili, akajiambia macho yanamchezea, akafuta na la mwanawe ili angalau mtoto apone, kisha akaanza kulitafuta hilo jina la tatu folda baada ya folda, huku harufu ya mkonge ikimsogelea kwa nyuma na yeye akiogopa kugeuka, mpaka akalipata, limekaa peke yake, namba moja pembeni.

Hildegarda.

Ndani, mstari uleule. Koo likaanza kumwasha. Akilifuta hili, jini linapotea, Vitalis alisema hivyo. Na yeye je? Vitalis hakusema. Kidole kilibaki hewani.

Mlango ukasukumwa. Ida alisimama pale, mzima kabisa, amemshika mganga mkono. Alimtazama mama yake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Hildegarda alifungua mdomo amwambie ni mama, mimi ni mama yako. Akakohoa kwanza.

"Marahaba, wajina wangu," akaitika.